Yusta Kalinga Alipopoteza Sauti

Yusta Kalinga alilelewa Iringa, kwenye kwaya ya kanisa la Kilutheri, lakini alipohamia Mbeya kushona nguo katika soko la Mwanjelwa alianza kupiga muziki wa panki: gitaa kali, ngoma za mbio, maneno ya kufoka. Mpiga ngoma wake alikuwa Rabson, fundi baiskeli wa mtaa mwingine. Mwanzoni watu waliwacheka. "Huyu mama anagombana na nani?" waliuliza.

Alikuwa anagombania daraja. La mtaani kwao lilisombwa na mvua, watoto wakawa wanavuka mto kwa gogo kwenda shule. Kila Jumamosi Yusta alilifokea jambo hilo sokoni, hadi wakazi wakatia saini barua ya kudai daraja, wakamchagua yeye aisome kwenye mkutano wa mtaa.

Wakati huo shingo ilikuwa imemvimba. Rovu lilianza kumbana pumzi, daktari akasema upasuaji hausubiri. Alimweleza wazi kwamba mishipa ya sauti inapita palepale. Yusta alikubali, angefanyaje? Alipozinduka alimwita muuguzi, ikatoka pumzi tupu. Miezi ikapita, sauti haikurudi.

Siku ya mkutano alisimama na barua yake.

"Mama, ongea kwa sauti," alisema mwenyekiti.

Alijitahidi mpaka machozi yakamtoka. Waliokaa mbele walisikia mkwaruzo tu. Rabson akainuka, akaichukua karatasi.

"Wewe ni mkazi wa hapa?"

"Hapana, lakini nasoma alichoandika yeye."

"Basi kaa, kijana. Tuendelee na ajenda ya taka."

Hakuna aliyebisha, hata waliotia saini. Yusta akaichukua barua yake kwa Rabson, akakaa.

Nyumbani alitunga wimbo mwingine, akampa jirani yake Mwanaidi aimbe. Mwanaidi alikuwa na sauti nzuri ya kaswida, laini mno.

"Dada, mimi sijui kufoka," alisema kwa aibu, akamrudishia karatasi.

Yusta alimshika bega ili asijisikie vibaya. Rabson naye akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Chimala, akaondoka.

Mvua zilirudi Novemba. Sasa kila asubuhi Yusta hufunga kitenge kiunoni, huingia mtoni mpaka magotini, na kuwashika watoto mkono wakipita juu ya gogo. Juzi alichelewa, akakuta maji yamefika kwenye gogo lenyewe. Watoto wawili walikuwa wameshatangulia, wamempa mgongo, na hakuwa na namna ya kuwaita. Alibaki akipunga mikono hewani mpaka walipofika ng'ambo, kisha akaketi kwenye tope.