Kuku wa Mchungaji

Wifi yangu Fetuao humkaribisha chakula kila apitaye njiani, hata kama chungu ni kitupu. Kwetu kisiwani Savai'i huo ni uungwana tu, na mpitaji anajua la kujibu: "Asante, nyie kuleni," kisha anakwenda zake. Sijawahi kuona mtu akikosea.

Jumatano ile ilikuwa zamu yake kumpikia mchungaji, na zamu ikifika kijiji kizima huchungulia sinia likipita. Fetuao, mjane wa kaka yangu, alikuwa amechinja kuku wake wa mwisho. Wanawake wa kwaya walishamsema vya kutosha tangu mwanawe Peniamina ahamie kanisa jingine na kutumwa ng'ambo kuhubiri nyumba kwa nyumba. Siku mtoto anaondoka, Fetuao alimwambia asimpigie simu, na tangu hapo hakulitaja jina lake. Sinia lile ndilo lingemfuta aibu.

Tulikuwa tunapakua walipopita vijana wawili wa kizungu, mashati meupe na tai, majina yamebandikwa kifuani. Wa kanisa lile lile la Peniamina. Mdomo wa Fetuao ukatangulia akili.

"Karibuni chakula!"

Wakageuka, wakavua viatu, wakaketi mkekani.

"Haya, umeyataka mwenyewe," nikamnong'oneza. "Wape ndizi waende."

"Nimewaita chakula, sikuwaita ndizi."

"Chakula ni cha mchungaji."

"Najua, wifi. Nimekipika mimi."

Yule mrefu alikuwa na malengelenge visiginoni. Mwenzake akasema, kwa lugha yetu ya kuokoteza, "Mama, wewe wa kwanza wiki hii."

"Wa kwanza kufanya nini?"

"Kutuita. Wengine wakituona wanashusha mapazia. Jana mmoja alitufungulia mbwa."

"Sasa mnakula wapi?"

"Tunaendelea kutembea."

"Na mama yako anajua?"

"Hapana. Atalia."

Fetuao aliviangalia vile visigino kwa muda. Kisha akafunua sinia, akamgawa kuku vipande viwili, huku nikimfinya na yeye akijifanya hasikii. Wakati wanakula aliketi karibu yao akiwapepea nzi. Yule mrefu alipotoa kitabu cha dini, Fetuao akakirudisha mfukoni mwa kijana kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mwanangu. Maneno ninayo mengi, kanisani kwetu hatujaishiwa."

Jioni tulimpelekea mchungaji talo, yale magimbi yetu, na samaki wa kopo. Nilitembea nimeinamisha kichwa, maana macho ya kwaya yalikuwa madirishani. Mchungaji akafunua, akafunika.

"Asubuhi nilisikia kuku akilia kwako, Fetuao."

"Ameliwa, Baba."

Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu kuhusu mbwa wa jirani.

"Ameliwa na nani?"

"Na Peniamina," akasema.

Mtoto yule alibatizwa na mchungaji huyu huyu.

"Alikuwa na njaa?"

"Njaa, na miguu inamuuma, Baba."

"Basi umefanya vizuri," mchungaji akasema, akamwomba mkewe kifungua kopo.

Tulirudi pamoja mpaka kwangu. Fetuao akasimama, akanyoosha mkono.

"Lete simu, wifi. Namba yake unayo, wala usinidanganye."

Nilikuwa nayo. Miaka miwili nilikuwa nampigia kila Jumapili, na kila Jumapili mtoto aliniuliza swali moja tu: mama ameuliza?