Hatua Arobaini pale Kikorongo

Kezironi alikuwa mchimbaji wa shaba siku sita na msomaji wa kanisa siku ya saba. Mwaka uliofuata baada ya reli kufika Kasese, alipata likizo ya juma moja akaenda Bwera kwa mafundisho ya wasomaji. Padre akawapa neno moja la Kigiriki, engus, maana yake karibu. Akawaonyesha linavyotumika: Bethania karibu na Yerusalemu, mwendo usiofika saa moja kwa miguu, kiangazi kilicho karibu mtini ukichipua, Yesu akitembea juu ya maji, akafika karibu na mashua, na wanafunzi wakaogopa. Mwisho akasoma kwa Waefeso, kwamba waliokuwa mbali sasa wamekuwa karibu.

Kezironi aliyaandika yote daftarini. Chini ya lile la mwisho akaandika: "Hili sijalielewa." Na Jumapili alitakiwa kulieleza mbele ya wachimbaji wenzake, watu wasiomwonea mtu haya.

Ijumaa akapanda lori la Wahab, mfanyabiashara wa kahawa. Juu ya magunia, nyuma kabisa, alikuwa amekaa mama mkwe wake, Kenyangi, mwenye shamba kule Kyondo milimani. Alikuwa anakwenda kumwona binti yake Asiimwe, mke wa Kezironi, aliyejifungua. Sasa, kwa desturi ya kwao, mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hamtazami usoni, haongei naye, wala hawanywi hata maji mmoja mbele ya mwenzake. Akimgusa, hutozwa mbuzi mmoja. Kwa miaka kumi na moja Kezironi alikuwa hajaisikia sauti ya mama huyo ila nyuma ya ukuta. Basi alikaa mbele juu ya magunia yale yale, amempa mgongo, na katikati yao alikaa Halimah, muuza samaki.

"Mimi leo iko kama mpaka wa Mpondwe," Halimah alicheka. "Salamu ikitoka huku, lazima ipite kwangu."

Walipofika Kikorongo, Wahab alisimama kutia maji kwenye injini. Jua lilikuwa kali. Kenyangi alikuwa na kiu tangu asubuhi, lakini atakunywaje mkwe yupo? Akashuka na debe lake dogo la samli, sasa lina maji ya kunywa, na fimbo, akaenda mtaroni, hatua kama arobaini, akajificha nyuma ya majani ili anywe.

Majani upande wa pili wa mtaro yakafunguka. Akatoka ndovu jike na mtoto wake.

"Mutu asishuke! Mutu asiseme!" Wahab alinong'ona. Hiyo ndiyo sheria ya madereva wa njia ile: unazima, unanyamaza, ndovu anapita.

Kenyangi alisimama polepole. Kezironi akaona anaweka debe, sasa tupu, kwapani na kuinua fimbo. Kyondo nyani wakiingia shambani, unagonga debe nao wanakimbia. Mama yule hajui mnyama mwingine wa kufukuza.

"Akigonga ile kitu amekufa," Wahab alisema. "Na ukimwita, pia amekufa."

Halimah alimtazama Kezironi. "Mutu yako ile, Mwalimu."

Kezironi akashuka. Alitembea bila kukimbia, viatu mkononi. Zikabaki hatua ishirini, kumi na tano. Kenyangi akageuka, akamwona mkwe wake anamjia. Uso wake ukajaa aibu, akavuta kitambaa kichwani, akaanza kurudi nyuma. Kurudi kule kule kwenye ndovu.

Kezironi akasimama. Akisogea, anamsukumia mama kwenye mguu wa mnyama. Akikaa, fimbo itashuka. Akafanya jambo ambalo watu wa lorini walidhani ni wazimu. Akageuka, akampa ndovu na mama mkwe mgongo, akaanza kwenda kinyumenyume.

Hakuona tena kitu isipokuwa lori, na uso wa Wahab, aliyerudi kwenye usukani, nyuma ya kioo. Macho ya Wahab yakipanuka, Kezironi anasimama. Yakirudi kawaida, anaenda. Alisikia masikio makubwa yakipiga hewa, akasikia pia pumzi ya mama, fupifupi. Akanyoosha mkono nyuma, akapapasa, akagusa bati la moto, kisha vidole. Akavishika pamoja na fimbo.

Vidole vilitaka kuchomoka. Kisha vikatulia.

Ndovu akavuta pumzi karibu nao sana, vumbi likawamwagikia. Wahab akafumba macho, na Kezironi hakubaki na kitu cha kumwongoza ila mkono ule. Wakasimama. Mtoto wa ndovu akapita, akavuka barabara, mama yake akamfuata, majani yakajifunga.

Lorini Halimah alikuwa analia na kucheka pamoja. Kenyangi akarudi mahali pake kule nyuma, akajifunika kitambaa. Walipokuwa wamefika Muhokya ndipo akanong'ona kitu, na Halimah akakipeleka kwa sauti.

"Mama anasema umemgusa. Mbuzi ni lazima."

"Mwambie nitatoa," alijibu Kezironi, bila kugeuka. "Nitatuma mtu ailete."

Halimah akafungua mdomo apeleke jibu, lakini sauti ikampita, nyembamba, isiyozoea.

"Usitume mtu," alisema Kenyangi. "Uilete wewe."