Begonia Hazitaki Maji Mengi

Mume wangu alichagua begonia kama jirani zetu Waorma wanavyochagua ng'ombe. Kwa wauza miche wa Malindi aliinua kila kopo, akatazama chini kama mizizi imetokeza, akageuza majani kutafuta wadudu. Zilizochanua zote alizipita. "Hii imeshamaliza mambo yake," alisema, akachukua yenye vichipukizi. Kwetu Garsen walimcheka. Mpokomo mzima, mwenye shamba la ndizi kando ya mto, anarudi safari amepakata maua. Mimi mwenyewe nilimcheka mwanzoni.

Alizipanga barazani, upande wa mashariki, zipate jua la asubuhi tu. Udongo wa mtoni hakuutumia mtupu kwa sababu unashika maji. Aliuchanganya na mchanga na samadi kuukuu ya mbuzi. Kabla ya kuzimwagia aliingiza kidole kwenye udongo, na ukiwa bado mbichi aliziacha. "Begonia haiuawi na kiu," aliniambia. "Inauawa na wanaoionea huruma." Nilimwambia anaongea kama mhubiri, tukacheka.

Kisha figo zake zikaharibika. Tukawa watu wa kwenda Malindi kusafishwa damu, na daktari akampimia maji: kikombe asubuhi, kikombe jioni, chai na mchuzi humo humo. Yakizidi, alisema, yataingia mapafuni. Madafu marufuku. Ndizi, kwa mtu aliyezilima maisha yake yote, marufuku.

Kazi ya kumnyima ikawa yangu. Naye aliomba, sifichi. Aliniomba kwa jina la marehemu mama yangu, nami nikalowesha kitambaa nikampangusa midomo. Nilimchukia daktari, na siku nyingine nilimchukia yeye kwa kuniomba mimi.

Ndugu zake walikuja kutoka Ozi kumwuguza, na hawakuelewa, au hawakutaka. Kwao mto usipopanda, shamba limekufa na watu wamekufa. Maji ndiyo dawa ya kwanza. Wifi yangu mkubwa aliniuliza mbele ya wageni, "Mtoto wa mtoni ananyimwa maji na mke wake? Hayo umeyasomea wapi?" Nilieleza. Nikaeleza tena. Nikienda sokoni, narudi nakuta madafu yaliyopasuliwa nyuma ya nyumba, na miguu ya mume wangu imevimba mpaka inang'aa. Yeye hutazama ukutani, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Alikufa akitafuta pumzi, mapafu yamejaa maji. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Lakini matangani ilisemwa nyingine, kwamba amekufa na kiu.

Nilikuwa ndani, nimekalishwa mkekani na wanawake wa kanisani, nikasikia maji yakimwagwa barazani. Kila aliyenawa baada ya chakula alimalizia birika kwenye begonia. Halafu nikasikia sauti ya wifi, ameipandisha kidogo makusudi ili inifikie.

"Kunyweni nyinyi. Mwenzenu hakupata."

Ningeweza kutoka niwaambie waziache, zitaoza. Lakini mwanamke aliyekwisha kusemwa hivyo atatokaje kwenda kuyanyima maua maji? Nilikaa pale pale mkekani. Zilikuwa ndizo kitu pekee chake kilichobaki kinapumua, na wakazinywesha asubuhi na jioni mpaka matanga yakaanuliwa.

Siku ile ya kuondoka kwao, mashina yalikuwa yameshalainika. Yalikuwa yamelala juu ya udongo, yananuka. Nilitoka kuwasindikiza kama inavyotakiwa, nimemshikia wifi mkoba wake. Alisimama barazani, akatazama, akatikisa kichwa, akawageukia wenzake.

"Mmeona?" akasema. "Hata maua yamekataa kukaa naye."

Nikambebea mkoba mpaka stendi.