Mzungu Kipara Kwenye Meza ya Baba

Siku ya kumbukumbu ya baba, mwaka wa tatu tangu afariki, ukoo wetu mzima ulimpigia magoti mzungu kipara aliyeshika samaki.

Sitanii. Nilikuwepo, na magoti nilipiga.

Nianze na kaka yangu, Tường. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo hapa mjini kwetu Sa Đéc meza ya marehemu, ya picha na udi, ni yake, na akili zote za ukoo ni zake, kwa maelezo yake mwenyewe.

Mwaka jana aliitazama picha ya baba, ile ya karatasi, moja tu tuliyokuwa nayo duniani, akaona imechakaa mno kwa hadhi yake. Akaipeleka ikapigwe skani, akarudi na fremu ya kidijitali.

"Karatasi iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimetupa. Khuê mdogo wangu, dunia iko mbele. Sasa hivi baba anawaka!"

Kweli baba aliwaka. Aliwaka mpaka wadudu wakawa wanamfuata.

Mama aliitazama ile fremu, akaenda zake jikoni.

Basi siku ya kumbukumbu tukapanga mezani kuku wa kuchemsha, nguruwe na mayai, wali wa kunata. Baba mkubwa Sáu, kaka wa baba, akawasha udi, akapiga magoti. Sisi nyuma yake.

Mara baba akazimika.

Kikatokea kimstari. Asilimia tatu. Asilimia kumi. Fremu ilikuwa inajisasisha, mbele ya wageni arobaini.

Ilipofika mia akatokea yule mzungu, meno yote nje. Picha ya mfano, ile ambayo fremu hutoka nayo kiwandani.

Sasa kwetu udi ukishawashwa, meza haiguswi mpaka uungue wote. Hakuna aliyethubutu. Nusu saa nzima!

Baba mkubwa, ambaye macho yalishamuaga zamani, akaendelea kumpa mzungu habari za familia.

"Mdogo wangu, umenenepa," akamwambia. "Huko wanakulisha vizuri."

Shangazi akaninong'oneza, "Na kitoweo kaja nacho."

Nilijiuma mdomo nisicheke.

Udi ulipoisha Tường aliirukia fremu. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mzungu yule yule. Baba hayumo. Akapiga simu dukani walikoskani, wakamwambia walishafuta zamani.

Bwana mkubwa wa dunia iliyo mbele akakaa sakafuni, akalia kama mtoto. "Nimempoteza baba."

Hapo kicheko kiliniisha. Miaka mitatu tu, na mimi uso wa baba ulishaanza kunitoka kichwani. Niliumia sana.

"Nani aliruhusu hiki kitu kijisasishe chenyewe?" akauliza.

Nikasema, "Itakuwa umeme."

Jamani, mimi ni fundi simu. Wiki moja kabla, kisanduku kilifunika macho ya baba, kinauliza kuhusu masasisho ya kiotomatiki: ruhusu au kataa? Tường akaniita nikiondoe. Nikabonyeza bila kusoma, kikaondoka, nikajiona bingwa.

Mama akainuka. Akaenda kwenye mtungi wa mchele, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani, picha ya karatasi. Baba yetu, na ile kola yake iliyopinda.

"Niliiokota kwenye takataka siku ile ile," akasema.

"Mama! Mbona hukusema?" Tường akamkumbatia miguu.

"Ulikuwa na furaha, mwanangu. Ila mume wangu miaka arobaini hakubadilisha hata kiti cha kukalia. Nilijua na hicho kitu chako hawatapatana."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, umeme, vyombo vya wageni arobaini viko nyuma. Vioshe."

Niliosha vyote.

Ndugu zangu, kisanduku kikitokea, soma kwanza ndipo ubonyeze. Ukishindwa kusoma, basi uwe na mama.

Mzungu naye bado yupo. Mama kamweka jikoni juu ya friji, anasema ameshamzoea. Jana nimemkuta anamuuliza mzungu yule samaki alimpika vipi.