Meno ya Jiwe la Felisiani

Jua la kijijini Pito bado halijagusa bati za nyumba, na Gaudiosa ameshapiga ishara ya msalaba na kupiga magoti nyuma ya jiwe lake la kusagia. Anamwaga konzi ya ngano, anaisukuma kwa jiwe dogo la mkononi, mbele na nyuma, kiuno kikifuata. Unga unashuka kwenye ungo. Anauchota, anaufikicha kwa vidole, anatikisa kichwa.

"Chenga tupu," anasema. "Jiwe limeisha meno."

Kwa mjane huyu, hilo si jambo dogo. Mikate yake, anayoiumua kwa chachu ya pombe ya ulezi na kuioka kwenye tanuri la udongo wa kichuguu, ndiyo iliyosomesha watoto wake na ndiyo inayomlisha mpaka leo. Watu wa Sumbawanga mjini waliifuata hadi mlangoni. Lakini tangu jiwe lianze kuteleza, mikate inatoka mizito, na wateja wanapungua kimyakimya.

Anayemwambia wazi ni wifi yake, Mariana, peke yake. "Wifi, ule mkate wa juzi nusura nimpe fundi auweke kwenye msingi," alimtania, akaendelea kuutafuna.

Dawa ya jiwe inajulikana: ni kuligongagonga kwa nyundo yenye ncha mpaka uso wake ukwaruze tena. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, marehemu Felisiani. Alikaa kwenye kigoda, kofia imeshuka hadi nyusi, akigonga kwa kufuata wimbo wa kanisani. Akikosea ubeti alirudi mwanzo, na jiwe nalo likagongwa upya. Majirani wakisikia mlio ule walijua kesho kuna mkate mwororo.

"Akimaliza ananiambia, mama Avelina, unga wa kwanza ni wa kuku," anasimulia Gaudiosa.

Unga huo huwa na mchanga wa jiwe. Alipoolewa hakulijua hilo, akamwokea mama mkwe mkate wa unga wa kwanza. Mama wa watu alitafuna, akatoa chembe ya mchanga mdomoni na kuiweka pembeni ya sahani. "Akasema, mwanangu, mkate ungetosha, jiwe ungeliacha nyumbani." Gaudiosa anacheka mpaka anajifuta macho kwa pindo la khanga.

Felisiani aligonga jiwe mara ya mwisho huku akikohoa, wiki chache kabla ya kufariki. Ni miaka minne sasa, na halijaguswa na nyundo. Shemeji yake, Leonsi, amejitolea kuligonga zaidi ya mara moja. Ameshukuriwa, akapewa chai, akarudi kwake. Ngano ilipopelekwa mashineni ilirudi imechanganyika na mahindi ya waliotangulia, mkate ukagoma kuumuka.

"Hizi alama ni mkono wa marehemu," anasema Gaudiosa, akilipapasa jiwe. "Nikizigonga, nazifuta. Nisipozigonga, ngano inazifuta polepole, na mkate nao unanifia mkononi."

Jumapili ijayo ni misa ya kumwombea Felisiani, na baada ya misa ndugu watakuja kunywa chai. Gaudiosa ameliombea jambo la jiwe kwa rozari nzima, siku baada ya siku. Jibu, anasema, lilimjia akiwa amepiga magoti papo hapo jikoni, aliposhika ukingo wa jiwe ili ainuke. Upande huo wa magotini jiwe dogo halifiki. Vidole vyake vilikwaruzika. Meno ya Felisiani yalikuwa bado makali.

Nyundo imeshatolewa uvunguni. Jumamosi ataligonga jiwe mwenyewe, lote isipokuwa ukingo huo.

"Hapa sigusi," anasema, akipafunika kwa kiganja. "Kwingine nitagonga. Wimbo naujua, na pale alipokuwa anakosea napajua."

Anainuka, anakung'uta magoti, anatazama mlangoni. Tetea wawili wamesimama hapo, shingo ndefu, wanachungulia ungo.

"Hao wamengoja muda mrefu," anasema. "Jumamosi watakula."