Kopo ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Kosa ni yangu. Nasema hivyo mbele ya yote, ili pasiwe muntu wa kunitafutia sababu. Si shetani, si bajirani, si ile barafu. Ni mimi.

Jina sitasema. Niko mama mujane, hapa Lubumbashi, ku Katuba. Sikuzaa. Kazi yangu ni kupika munkoyo ya karamu, ile kinywaji yetu ya unga wa mahindi na mizizi. Mi napika ile tamu, haileweshi hata mutoto. Arusi, batizo, bantu banaofaulu masomo, bote balikuwa banakuja kwangu.

Rafiki nilikuwa naye moja tu. Mama Odile, jirani yangu. Lupango yake na yangu, ni kusema viwanja vyetu, zinagawana ukuta moja. Ule mama na kicheko yake, ee! Anauza makayabu, samaki ya chumvi, ku soko, na kuna bantu balikuwa banakuja kununua juu ya kumusikia anacheka tu.

Kila asubuhi alikuwa ananiita pa ukuta, kama dada yake mukubwa: "Yaya, uko muzima ao nilete sanduku ya maiti?"

Nami namujibu: "Leta, lakini wewe njo utaingia wa kwanza!"

Tunacheka, siku inaanza. Kama unalala na muntu mu nyumba, hutajua ile ni kitu gani. Mi nilikuwa naamuka juu ya ile sauti.

Basi, mutoto wake Gracia akafaulu egzame ya Leta, ile ya kumaliza sekondari. Furaha! Odile akaruka ukuta karibu avunje mguu. "Yaya, tutafanya karamu. Pombe hapana, kanisa yangu haitaki. Munkoyo yako njo itakuwa shampanye yetu!"

Shampanye yetu. Ile neno iliniingia kichwani.

Nilikuwa niliona mu telefone vinywaji vinavyotoka moshi mweupe, moshi inamwagika mpaka chini ya meza. Banasema ni barafu kavu, bengine banaita glasi karboniki. Nikatafuta. Kuna baba moja dereva, analeta bintu bya baridi kutoka Zambia. Akaniletea vipande mu karton ya frigolite, ile nyeupe nyepesi ya kuchunga baridi, na akanisimamisha pa mulango.

"Mama, sikiliza muzuri. Usiishike na mukono mutupu, inaunguza kama moto. Usiifungie mu chupa ao mu bidon, itapasuka. Fungua madirisha, hewa yake inakamata pumzi. Weka mu beseni kubwa tu. Mu kopo ya muntu, hata kipande kidogo, hapana! Bangoje iishe yote, njo banywe. Na uambie bantu bote."

Nikamujibu: "Baba, mi niko mutoto?"

Ona kiburi!

Siku ya karamu nilianza muzuri. Nilishika na koleo. Madirisha ilikuwa wazi. Nikaweka vipande mu beseni kubwa ya munkoyo, na moshi ikapanda, ikamwagika juu ya meza. Mawee! Bamama balipiga vigelegele. Matelefone yote juu. Gracia na poda nyeupe kichwani, ile banamwangia mwenye kufaulu, anacheza mbele ya beseni yangu. Mi, muntu banapita bila kusalimia, siku ile balisimama kuniangalia. "Ni nani alifanya hii?" "Ni ule mama wa munkoyo!" Sitadanganya, nilisikia utamu.

Halafu moshi ikaanza kupungua. Na bakubwa ba upande wa baba ya Gracia bakafika pale pale, bakakaa pa meza ya heshima. Makopo yao haina moshi. Niliona kama ni aibu yangu.

Nikachukua koleo. Nikaweka kipande mu kopo ya kila mukubwa.

Nilijua. Sikilizeni muzuri: nilijua! Nilijiambia, pasta ataomba, na maombi ya kwetu muntu anaweza kupika bukari, ugali yetu, yanaendelea. Mpaka amina, barafu itakuwa imeisha. Kumbe siku ile pasta naye alikuwa na njaa. Aliomba kidogo tu, amina.

Juu ya nini sikusema "musinywe kwanza"? Juu ukisema hivyo, maajabu inaisha. Inabaki hatari tu. Nami nilitaka maajabu.

Tantine, shangazi ya baba ya Gracia, akasukuma kopo yake. "Kintu inatoka moshi bila moto, mi sinywi. Mwenye kupika aonje."

Alikuwa na haki. Ile ni desturi yetu: aliyepika anakunywa kopo ya kwanza mbele ya bantu, mpaka chini, bote baone hakuna kitu mubaya ndani. Mu karamu zote nilifanya hivyo bila kuombwa. Kopo ya kwanza ni yangu.

Siku ile nilisimama. Niliangalia mu kopo. Munkoyo ni nzito, haionyeshi chini, lakini ilikuwa inachemuka bado.

"Tungoje kidogo," nikasema.

"Tungoje nini?"

Pale njo manongono ilianza. Nilisikia nyuma yangu: "Mujane, hana mutoto, na moshi yake." Munajua ile maneno inaendaka wapi: ku uchawi. Mi nilijua.

Odile akasimama. Odile wangu! Akacheka ile kicheko yake ya soko, bantu bote bakageuka. "Eh, bakubwa, ule ni dada yangu! Ataniua, halafu asubuhi atatukanana na nani? Leteni hapa." Akachukua kopo ya tantine.

Ningepiga kelele. Neno moja tu, "Acha!", ingetosha. Lakini nikipiga kelele, bote batasema: muliona? Kuna kitu mu kopo yake. Kati ya haya yangu na koo ya rafiki yangu, nilichunga haya yangu.

Odile alikunywa mpaka chini, kama desturi inavyotaka. Munkoyo iko na mabonge ya mahindi, muntu anameza tu. Naye akameza. Akageuza kopo juu chini, akaonyesha bantu bote, akafungua mudomo acheke.

Kicheko ilikatika katikati. Akashika koo, halafu tumbo, akaanguka juu ya kiti.

Ku hospitali munganga aliuliza: "Alikunywa nini?"

Bote baliniangalia. Nikajibu: "Munkoyo tu."

Ee Mungu wangu. Munkoyo tu!

Akauliza tena: "Hakuna kitu ingine?" Tumbo ya Odile ilikuwa inavimba. Kusema hawezi. Alilala pale, macho yake juu yangu. Hakuninyoshea kidole. Alikuwa anangoja tu. Alinipa nafasi, nami niliangalia chini. Banganga bakaendelea kutafuta ugonjwa ambayo haiko.

Ni Gracia aliyenishika mukono, poda bado mu nywele. "Mama mukubwa, sema kweli, tafazali. Mama yangu atakufa."

Pale njo nilisema. Munganga alinigeukia: "Mama, tangu tulifika unaangalia tu?" Halafu bakamukimbiza Odile ndani, bakamupasua.

Hakufa. Namushukuru Mungu kila siku kwa ile. Lakini barafu ilimuunguza koo, na tumbo balishona. Sasa anakula uji, kidogo kidogo. Sauti yake imebaki kama muntu anakokota karatasi pa chini. Ku soko, Gracia njo anaita bateja. Ule mutoto alipaswa kwenda univerisite.

Alipotoka hospitali nilienda kuomba musamaha. Nilipiga magoti. Aliniinua, akanipa kiti, akasema na ile sauti mupya ambayo mi njo nilimupa:

"Yaya, kopo nilikunywa kwa mapendo. Ile nilikusamehe siku ile ile. Lakini ku hospitali, nilikuangalia."

Nikangoja aongeze. Akaenda kufagia.

Tangu pale hakuna muntu ananiita pa ukuta. Odile eko pale pale, ukuta ni moja, namusikia anafagia, namusikia anakohoa. Angehama ingekuwa afazali! Asubuhi naamuka, nasimama pa lupango na mudomo wazi kama mujinga, nangoja baniulize kama niko muzima. Kuku tu njo inanijibu. Karamu zangu zimeisha. Bateja bamepotea bote, na balio na huruma banasalimia kutoka barabarani, hawaingii.

Sasa wewe unayetaka moshi mu karamu ya mutoto wako, sikukatazi. Ni kitu muzuri kuangalia. Lakini iache mu beseni kubwa, moshi ibaki ya macho. Mu kopo ya muntu usiweke, hata akikuomba, hata kama ni waziri! Ngoja mpaka hakuna kipande kinachobaki chini, na kama kinywaji ni nzito, koroga na luiko mpaka ujue kweli. Mukono mutupu hapana, chupa ya kufunga hapana, na madirisha wazi. Na useme! Piga kelele mbele ya bantu bote: hii ni barafu ya kuunguza, musimeze! Bakikucheka, bakucheke. Na kama imeingia mu tumbo ya muntu, kimbia ku munganga na kweli yako mukononi. Haya haiui muntu. Mi niliichunga, na angalieni nilichobaki nacho.

Tena, kopo ya kwanza usimuachie muntu mwingine. Kama unaogopa kunywa ulichopika, kimwage.

Jumamosi bado napika munkoyo kidogo, mazoea tu. Namimina makopo mawili. Ya kwanza naonja mimi, mpaka chini, peke yangu, hakuna wa kuangalia. Ya pili naiweka juu ya ukuta, upande wake.

Asubuhi naikuta pale, imejaa vile niliiweka.