Tingatinga Lililonichezea

Juzi, kwenye mashamba ya chumvi, nilimwona fundi akizungusha usukani wa tingatinga kushoto na kulia ili atoe hewa iliyoingia kwenye oili ya usukani na kuufanya mzito. Tingatinga likajikunja kiunoni, pale nusu zake mbili zinapoungana, likiguna. Nikageuza uso.

Nilipokuwa mtoto, baba alifanya vivyo hivyo alasiri niliyompelekea chakula. Kulinuka oili ya moto. Jasho lilimtoka, nami nikadhani ananichezeshea tingatinga.

"Tena, baba," nikasema nikipiga makofi.

"Usukani mzito leo, mama," akasema, lakini akacheka, akauzungusha tena.

Kabla hewa haijaisha, msimamizi akamwita akapakie chumvi. Kwenye kona ya bwawa la maji ya chumvi usukani ukagoma, tingatinga likazama naye. Watu wakakimbia wakipiga mayowe. Mimi nilikuwa bado napiga makofi.